Nambari Iliyoshikiliwa Ruiru

Kazini kwetu sikuitwa kwa jina. Niliitwa Network. "Network amefika," mlinzi alikuwa akisema asubuhi akinifungulia geti, na mimi nikalizoea jina hilo. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza kompyuta za kliniki mbili, ya Thika iliyo makao makuu na ya Ruiru iliyo tawi, lakini kila kitu chenye waya kikigoma kilihesabiwa kuwa changu. Siku moja niliitwa kuangalia birika la chai. Nilikataa kwa hasira, halafu nikaenda, kwa sababu hata mimi nilitaka chai.

Birika nililiweza. Kilichonishinda ni rekodi za wagonjwa. Zote zilikaa kwenye seva moja katika chumba kidogo nyuma ya duka letu la dawa pale Thika, na mapokezi ya Ruiru yaliifikia seva hiyo kwa laini ya intaneti. Kazi ilikuwa ikianza vizuri, watu wakiandikishwa na kupewa nambari za kumwona daktari, kisha ghafla skrini zinaganda. Si Ruiru peke yake, na Thika pia. Kijiduara kinaanza kuzunguka. Karani anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena, mwisho unatokea ujumbe mwekundu kwamba muda umekwisha. Halafu, bila mtu kufanya lolote la maana, kila kitu kinafunguka mara moja kama pua iliyozibuka. Mimi wakati huo niko chini ya meza nimeshika waya, na watu wananishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya.

Hilo la kushukuriwa bure liliniuma kuliko lawama.

Meneja wa huduma aliniita ofisini kwake baada ya wagonjwa wa Ruiru kulalamika tena. Alikuwa mtu mpole, lakini akikasirika r na l zake zilibadilishana viti. Zangu pia hubadilishana, kwa hivyo sikumcheka.

"Niambie ukweli," alisema. "Hii kitu ni network ama ni yule mama?"

Yule mama alikuwa karani wa mapokezi wa Ruiru, wa dirisha la kwanza. Kompyuta ilipima muda ambao kila mgonjwa alichukua kuandikishwa, na wa kwake walichukua muda mrefu kupita wa makarani wengine wote. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

"Kama ni network, niletee lipoti, nitamtetea," meneja akasema. "Kama ni yeye, siwezi. Niko na vijana hapa nje wanapiga hiyo keyboard wakiwa wamefunga macho."

Nikamwambia ni network. Nilisema haraka, kabla sijapima chochote, kwa sababu nilimpenda yule mama.

Alikuwa amezaliwa Majengo, hapo hapo Thika, wa babu waliotoka pande nyingi, mmoja Sudan, mwingine Kongo, na bibi mmoja wa hapa hapa kwetu. Alijifunga mtandio wake vizuri, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya shanga. Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alifurahia kunikosoa mbele ya watu. Alipohamia kijiji cha Theta na mumewe walijenga nyumba na kupanda ndizi, lakini mzee akapatwa na sukari, na sukari ikaingia mguuni. Kidonda hakikutaka kupona. Kila wiki kilisafishwa na kufungwa upya katika kliniki yetu ya Thika, kwa bima ya wafanyakazi. Mkataba wa mkewe ukiisha, bima inaisha siku hiyo hiyo. Mwenyewe aliniambia wazi nilipompigia simu kumuuliza kuhusu skrini zake.

"Mwanangu, mimi kukaa bila kazi naweza," alisema. "Nimekaa sana. Ni mguu wa mzee. Wakiukata sitamwangalia usoni."

Kwa hivyo nilijua ninachotafuta. Nilitafuta hatia ya waya.

Nilianza na kebo. Nilibadilisha zote za Ruiru, hata zile nzima. Nikabadilisha kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta, nikakiweka mbali na dirisha ambako mvua ilikuwa ikirusha manyunyu. Nikapima laini kati ya Ruiru na Thika kwa vipimo vidogo vinavyokwenda na kurudi, navyo vikaenda na kurudi bila kusita, hata wakati skrini zimeganda. Nilivitazama vikirudi na nikatamani kimoja kipotee. Hakikupotea.

Nikawapigia waliotuuzia laini. Walimtuma fundi mwenye buti safi, akachomeka kifaa chake, akasema, "Kwetu iko poa kabisa. Labda ni program yenu." Nikawapigia waliotengeneza programu, huko Nairobi. Wakasema programu haina shida, tuangalie laini. Niliomba neno la siri la kuingia ndani ya hifadhidata yenyewe nione nani anamngoja nani, wakasema hilo hawatoi kwa mteja. Nikabaki katikati, kila mtu hana makosa, na makosa yapo.

Kitu kimoja tu kilisaidia: kuzima seva na kuiwasha. Ukiizima, ikiamka kila mtu anapita. Basi nikawa mtu wa kuzima na kuwasha. Nilisoma miaka mingi, mama yangu huko Makongeni, mtaani kwetu, anawaambia majirani kwamba bintiye ni injinia wa kompyuta, na kazi yangu halisi ilikuwa kidole kimoja juu ya kitufe. Na kila nilipozima, simu ilikuwa inalia kutoka Ruiru, mama yule akilalamika taratibu: "Mwanangu, umenipotezea mtu wangu tena." Sikuuliza mtu wake ni nani. Nilidhani anasema mgonjwa aliyekuwa akimwandika.

Kila Jumatatu tulikuwa na maombi ya wafanyakazi kabla ya kufungua milango. Asubuhi moja muuguzi mkuu aliombea mtandao, akataja na seva, na watu wakaitikia kwa nguvu. Mimi niliitikia kuliko wote. Kufikia saa ya chai skrini zilikuwa zimeganda.

Kisha mama akakosa kazi siku moja. Mzee alikuwa amepandwa na homa na ilibidi ampeleke kwa daktari wa upasuaji. Siku hiyo mfumo haukusimama hata mara moja. Watu wa Thika walinipongeza, "Network, leo umetuweza," nami nikajifungia kwenye kile chumba cha seva nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilijiambia ni sadfa. Nilijiambia laini za Ruiru huwa nyepesi katikati ya wiki. Nilijiambia mambo mengi ambayo ningemcheka mtu mwingine akiyasema.

Aliporudi nilikwenda Ruiru nikamwomba nikae kando yake. Alifurahi. Alinitafutia kiti, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akamwambia kila mgonjwa aliyefika dirishani kwamba huyu ndiye msichana wa kutengeneza network, mumwombee.

Nilimtazama akifanya kazi. Hakuwa mzito hata kidogo. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Aliuliza jina, akaandika, akauliza mtoto anaharisha tangu lini, akaandika, na wote wakaondoka na nambari zao mkononi. Nikaanza kupumua. Nikaona kwamba meneja amekosea na mimi niko sawa, na nilikuwa tayari nimepanga maneno ya kumwambia.

Akaja msichana mwenye mtoto mgongoni. Mama akafungua ukurasa mpya wa kumwandikisha, nambari ikajitokeza juu, na hapo msichana akajipapasa akagundua kadi yake ya bima ameiacha dukani alikonunua maji.

"Kimbia tu, mami," mama akamwambia. "Nimekushikia."

Msichana akatoka mbio. Mama akauacha ule ukurasa wazi kama ulivyo, akakunja mikono, akanigeukia kuniuliza kama nimepata mchumba. Nambari ilikuwa pale juu, na kimstari kinawaka na kuzima kwenye nafasi ya jina.

Nikamtazama karani wa dirisha la pili. Kijiduara kilikuwa kinazunguka.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Thika. "Network! Imelala tena!"

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Hebu funga huo ukurasa."

"Nitaufungaje na mwenyewe hajarudi?"

"Futa tu. Akirudi utamwanzishia mwingine."

"Atapoteza nafasi yake, mwanangu. Ana mtoto mgonjwa. Kuna watu wangapi nyuma yake, huwaoni?"

"Tafadhali, mama."

Alifuta, lakini alinuna. Na kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya, dirisha la pili likapata nambari. Thika wakapiga tena, wakicheka. "Imerudi! Umefanya nini?" Nikawaambia nitawapigia baadaye. Nilitaka kulia, na ndani ya chumba kilichojaa wagonjwa haifai mtu mzima wa kompyuta alie.

Sasa nilielewa, na ni jambo dogo kiasi cha kukasirisha. Nambari za kliniki zote mbili zilitoka kwenye mrija mmoja. Ukifungua ukurasa wa mgonjwa mpya unachukua nambari inayofuata, na hakuna karani mwingine popote anayeweza kuchukua nyingine mpaka wewe uhifadhi au ufute. Waliotengeneza programu walidhani mtu akifungua ataandika na kufunga papo hapo. Hawakuwa wamewahi kupanga foleni Ruiru.

Huku kwetu foleni haipangwi na miili peke yake. Makongeni maji yakikatika unapanga mtungi wako halafu unarudi nyumbani kupika. Kwenye kinu cha kusaga, benki, hata kwa kinyozi, unamwambia aliye nyuma yako, "Nishikie," na unaenda shughuli zako, naye anakushikia. Ukirudi hakuna anayekuuliza. Kumkatalia mtu kumshikia nafasi ni kumtangazia uadui. Mama huyu aliuchukua utaratibu huo akauingiza ndani ya kompyuta, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba humo haupo. Alimshikia shosho, bibi kizee aliyekwenda chooni. Alimshikia baba aliyetoka kupokea simu. Wote walihesabiwa na mashine kwamba ni yeye anayechelewa, na wakati anawashikia, kliniki mbili nzima zilisimama na kunilaani mimi.

Nilimweleza. Nilimweleza polepole, nikachora kwenye karatasi mrija na watu wanaongoja. Alisikiliza akiwa amevaa miwani, kisha akaivua akacheka mpaka akashika dawati.

"Mimi? Kidole changu hiki kisimamishe Thika nzima?"

"Kinasimamisha, mama."

"Wallahi hiyo network yenu ni mgonjwa kuliko hawa watu." Aliona uso wangu na akapunguza kicheko. "Haya. Nimekusikia. Nitaacha kuwashikia mpaka umalize kutengeneza. Si ndivyo unataka?"

Ndivyo nilivyotaka. Nilimwahidi kwamba nitawaambia watu wa programu wabadilishe huo mrija. Na niliwaambia siku hiyo hiyo, nikawaandikia maelezo marefu ambayo hata mwanafunzi angeyaelewa. Walijibu kwamba ombi langu limepokelewa na liko kwenye foleni.

Mama alitimiza neno lake. Watu waliosahau kadi walirudishwa nyuma, na wengine walimtukana, na aliniambia kwa simu kwamba kuna mzee mmoja alimpa kiti chake mwenyewe akae, kwa sababu hakuweza kumshikia nafasi. Lakini mfumo ulikwenda. Siku baada ya siku ulikwenda. Sikuzima wala kuwasha kitu. Nililala usingizi mzuri nikijua nimemwokoa, maana sasa hata muda wake kwenye vipimo ulikuwa sawa na wa wengine.

Meneja akaniita. Alikuwa na furaha, na kwenye skrini yake kulikuwa na mchoro wa mara ambazo mfumo umeganda, wenye mstari uliopanda juu mwezi mzima kisha ukaanguka ghafla na kulala chini.

"Umefanya nini hapa?" akauliza, akigusa pale mstari ulipoangukia.

Nikamweleza. Nilijitahidi kuanza na programu, ubaya wa programu, uvivu wa waliotengeneza programu. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaniinulia mkono.

"Kwa hivyo haikuwa network."

"Haikuwa network. Ni program ndiyo iliandikwa vibaya. Mtu mmoja hawezi kuwa—"

"Na ile siku hakuja, ilikuwa sawa. Niliambiwa."

"Ilikuwa sawa, lakini sikiza—"

"Na umemwambia aache hiyo tabia, imekuwa sawa." Aliegemea nyuma. "Kwa hivyo ni yeye."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba mashine ya hospitali inayosimama kwa sababu mtu amemhurumia mgonjwa ndiyo ya kufukuzwa. Nilimwambia habari za mguu. Aliujua mguu. Alikuwa amekutana na mzee kwenye korido akiburuza kandambili yake.

"Mimi si mnyama," akasema. "Lakini nitawaambia wakubwa nini? Hii graph wameiona. Kubadilisha program ni miezi. Kubadilisha mtu ni Monday."

"Amebadilika tayari! Huo mstari ulioanguka ni yeye amebadilika!"

"Na ule ulipanda?"

Nilimwomba amhamishie Thika, kwenye faili, mahali popote. Akasema atajaribu kuuliza, kwa sauti ambayo sote wawili tuliielewa. Barua ya kumwachisha kazi itatoka Jumatatu, nami nisimwambie, itoke kwa njia inayofaa. Nilikuwa nimetumwa kutafuta ushahidi wa kumtetea, na nimeuleta uliotosha kumfukuza, umechorwa vizuri. Nilitoka nikiwa na hasira na meneja, na watu wa Nairobi, na mchoro, na hasira hizo zote hazikuwa na pa kwenda.

Nilikuwa bado kwenye korido ya Thika, nimeegemea ukuta karibu na madirisha ya mapokezi, simu ilipolia. Ni yeye.

"Mwanangu! Wiki nzima haijalala hata mara moja. Umeiweza!"

"Inaenda vizuri, mama."

"Alhamdulillah. Si niliwaambia kila siku? Niliwaambia ni network, si mimi. Sasa wameona wenyewe. Jana nilimwambia mzee, nikamwambia mguu wako umepona nusu, kwa sababu yule msichana ametengeneza." Nyuma yake nilisikia mtoto akilia na mtu akikohoa. "Mungu akuweke."

"Amina," nikasema.

"Sasa sikiza. Hapa mbele yangu kuna shosho, miguu imefura hivi, ametoka Githunguri kwa miguu. Kitambulisho iko na mjukuu wake, na mjukuu bado anakuja. Nimrudishe nyuma kweli? Si umemaliza kutengeneza? Ni sawa nianze kuwashikia tena?"

Nilitazama makarani wetu watatu wakiandika. Nilimtazama mgonjwa wa dirisha la kati akitoa kadi yake mfukoni. Ningeweza kumwambia habari ya ile barua. Maneno yalikuwa machache na niliyajua yote.

"Mshikie, mama," nikasema.

"Hata akikawia?"

"Hata akikawia. Mwambie akae chini, apumzike."

Nilisikia akimwambia kwa Kikuyu, kile kizuri chake, kwamba nafasi yake iko, asiwe na wasiwasi. Kisha akakata simu. Mbele yangu karani wa kwanza akaacha kuandika. Wa pili akabonyeza, akabonyeza tena. Wa tatu akageuka akaniona pale ukutani na akainua mikono.

"Network! Imelala!"

Wagonjwa wakageuka pia, wakanitazama mimi. Nikawaambia wavumilie kidogo, kuna mtu ameshikiwa nafasi Ruiru.